Bafu Lililo Katikati ya Nyumba

Marehemu Nazju Mifsud hakuwa fundi wa ujenzi, ila katika ukoo mzima hakupatikana mtu wa kumwambia. Alitoka Malta kijana mbichi, akapata kazi kiwandani upande wa magharibi wa Melbourne, akanunua kijumba cha mbao pale St Albans, na tangu siku hiyo nyundo haikutua. Akizaliwa mtoto, anaongeza chumba. Akija ndugu kutoka kwao, anaongeza kingine. Mwisho kabisa akamjengea mkewe Karmena jiko kubwa upande wa nyuma, jiko la kupikia sungura wa Jumapili kwa watu wote wa jina lao, na ukuta wa jiko hilo ukapita palepale lilipokuwa dirisha la bafu.

Karmena alipolalamika, mumewe alimjibu, "Bafu si roshani, mwanamke. Unataka ukioga uone nini?"

Basi bafu likabaki tumboni mwa nyumba. Huku limepakana na jiko, kule na ukanda wa kupita, huku na chumba cha kulala, kule na kabati la mashuka. Hapakuwa na ukuta wake hata mmoja uliogusa jua. Mvuke wa maji ya moto ulipanda darini, ukakosa pa kwenda, ukashuka tena. Taulo hazikukauka. Rangi ya dari ilibambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua, na chini yake ukungu mweusi ukaota, ukatambaa hadi pembeni mwa kioo.

Nazju alikufa, watoto wakaoa na kuolewa, Karmena akabaki peke yake na vyumba vyake vingi. Aliyekuwa akimtunza ni Marlene, binti yake wa kwanza, mwanamke wa makamo aliyepika katika kantini ya shule. Kila alipotoka kazini alipitia kwa mama yake, na kila wiki alipanda juu ya kigoda, kitambaa kimefungwa puani, akasugua dari kwa dawa ya kupaushia mpaka macho yakamchuruzika. Ukungu ulikuwa ukiondoka kama mgeni mwenye haya, kisha unarudi kama mwenye nyumba.

Kipindi cha baridi kilichotangulia, Karmena alilazwa hospitali kwa kifua. Daktari alisikiliza mapafu, akauliza habari za nyumba, akasema, "Huo ukungu utamuua." Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Reno, mdogo wake Marlene, alikwisha kutazama nyumba ya kulelea wazee huko Keilor, penye bustani na wauguzi. Alilitoa jambo hilo mezani Jumapili, sungura akiwa bado anafuka moshi sufuriani.

"Dada, nyumba hii inamla Mama. Mwache aende mahali pakavu."

"Nyumba haimli, ukungu ndio unaomla. Tuutoe ukungu, Mama abaki kwake."

"Umeusugua miaka mingapi? Umeutoa?"

"Afadhali mimi nasugua. Wewe unakuja Jumapili kula paja, unaondoka."

"Aa, leo nimekuwa wa kula paja!"

Karmena aligonga sahani kwa uma. "Mnanigawana kama huyo sungura, na bado nimekaa mezani nawasikia. Nitakufa humu humu alimojenga baba yenu. Marlene, mwite Leli."

Leli alikuwa mtoto wa shangazi yao, fundi umeme, mtu mwenye maneno mengi na mikono mizuri. Alikuja mwezi wa Mei, baridi ikiwa inaanza kubisha hodi. Akaingia bafuni, akatazama juu, akatazama chini, akageuka nyuma kutafuta dirisha.

"Mama Marlene, hili bafu halijapata kuvuta pumzi tangu mjomba alipoweka nyundo chini. Ni kama mtu uliyembana pua na mdomo."

"Ndiyo maana tumekuita, si kuja kuimba," Karmena akamjibu.

Leli alicheka, akapanda darini. Akapitisha bomba kutoka juu ya bafu mpaka nje ya paa, akatundika feni ya kuvuta hewa, si zile ndogo zinazovuma bure, bali kubwa yenye nguvu. Kisha akaukata mlango wa bafu kwa chini, akaacha upenyo wa vidole viwili. "Hewa ikitoka lazima nyingine iingie," alisema. "Sasa itapita hapa chini, itoke kule juu." Akachukua karatasi ya chooni, akaisogeza kwenye wavu wa feni. Karatasi ilinyakuliwa, ikanata kama imegandishwa kwa gundi.

"Mkae mbali nayo," Leli akasema. "Itameza na nywele za bandia za mama mkwe wangu."

Karmena alicheka hadi akakohoa. Marlene alimkumbatia binamu yake, akampa mkate na zeituni za kwenda nazo, na usiku ule alilala usingizi mzuri.

Hewa ya kuingia bafuni ilitoka ukandani. Hilo Leli alilihakikisha. Hewa ya kuingia ukandani ilitoka wapi, hakuna aliyeuliza. Nyumba ile ilikuwa na matundu ya hewa juu ya kuta, kama nyumba zote za wakati wake, lakini Karmena aliyaziba zamani kwa matambara kwa sababu ya upepo wa Julai. Marlene naye, kwa mapenzi, alikuwa ameizungushia mpira milango ya mbele na ya nyuma ili joto lisipotee. Joto lenyewe lilitoka kwenye hita ya gesi iliyochomekwa katika dohani la zamani pale sebuleni. Ikiwashwa Mei, inazimwa Septemba.

Feni ilifanya kazi yake. Taulo zilikauka. Marlene alisugua dari mara ya mwisho, akaipaka rangi nyeupe, na ukungu haukurudi. Karmena aliipenda feni ile kama watu wanavyopenda mnyama wa kufugwa. Hakuizima, si mchana wala usiku. "Msikie," alikuwa akisema, kidole hewani. "Bafu linapumua." Kikohozi kikapungua. Marlene alimwambia Reno, "Umeona?" na Reno, kwa kuwa si mtu mbaya, alijibu, "Nimeona, dada. Umenishinda."

Lakini Juni haikuisha kabla Karmena hajaanza kuumwa kichwa.

Kilianza asubuhi, kama kitanzi kinachobana paji la uso. Kisha kichefuchefu. Kisha akaanza kusahau. Alitia chumvi kwenye kahawa, akainywa. Alimwita Marlene kwa jina la dada yake aliyekufa Malta kabla ya vita kwisha. Siku moja Marlene alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni na moja mkononi, akiitazama ile ya mkononi kama hajui ni kitu gani.

Daktari alimpima damu, akampiga tochi machoni, akasema ni umri. Reno alisema kile ambacho Marlene hakutaka kusikia.

"Sasa si mapafu tena, dada. Ni kichwa."

"Jumapili kwako alikuwa mzima! Alimsimulia mwanao hadithi nzima, haikukosa hata neno."

"Wazee wanajikaza mbele ya watu. Akirudi nyumbani anachoka."

"Hata mimi kichwa kinaniuma nikiwa pale."

"Kwa sababu unajiua kwa kazi. Jitazame ulivyo."

Marlene alijitazama kwenye kioo cha gari, akaona mwanamke aliyechoka, akaamini. Ni kweli alichoka. Ni kweli kichwa kilimwacha kila akifika kwake, lakini nani asiyepumzika akifika kwake? Akavuta siku, akavuta nyingine, hadi mama yake alipoanguka ukandani bila sababu na kukaa sakafuni akilia kimyakimya kama mtoto aliyepotezana na wenzake sokoni. Hapo Marlene alishika simu.

"Sawa, Reno. Tumpeleke Keilor akapaone."

Walikubaliana Jumamosi. Reno angekuja na gari adhuhuri. Marlene angetangulia kumwogesha mama na kumvika.

Asubuhi hiyo kulikuwa na sakitu, umande ulioganda, juu ya majani, na pepo za kusini zilikuwa zikipiga mabati. Marlene alimkuta mama yake bado kitandani, mzito, midomo mikavu. Alimwinua, akamwingiza bafuni, akamkalisha katika maji ya moto. Juu yao feni ilivuma. Alimsugua mgongo, akamwosha nywele zile chache nyeupe, na kwa muda Karmena alirudi katika akili zake, macho yakawa yake.

"Unanipeleka wapi?"

"Tunakwenda kutazama tu, Mama."

"Ng'ombe naye huambiwa anakwenda kutazama tu."

"Mama, jamani."

"Sikulaumu." Karmena alimshika kifundo cha mkono kwa mkono wake wenye povu. "Umefanya ulivyoweza. Dari imekuwa nzuri. Baba yako angeona wivu."

Marlene alimfuta, akamvika gauni la kanisani na koti la kijivu, akampeleka sebuleni na kumkalisha kwenye kiti kilicho karibu na hita. Aliipandisha moto, kwa kuwa mama alitetemeka. Mashavu ya mama yalikuwa mekundu, yenye afya, mekundu kuliko siku zote, na Marlene alifurahi moyoni kwamba watu wa kule Keilor watamwona akiwa anapendeza.

"Nisubiri, nikafute maji bafuni."

"Nenda. Mie niende wapi?"

Aliinama kufuta sakafu, kichwa kikamgonga kwa ndani kama mtu anayepiga mlango. Akakaa ukingoni mwa hodhi. Akajiambia atapumzika kidogo tu. Miguu ilikuwa imekuwa ya mtu mwingine. Alikumbuka kwamba mama yuko sebuleni na viatu bado hajamfunga kamba, akasimama, akafika mlangoni, na mlango ukamwendea usoni. Kitu cha mwisho alichokisikia ni feni, ikivuma kwa bidii, haichoki.

Reno alipiga honi, kisha akabisha, kisha akazunguka nyuma na kuvunja kioo cha mlango wa jiko.

Marlene alizindukana amelala juu ya majani ya uani, baridi imemng'ata mashavu, kitu cha plastiki kimemfunika pua na mdomo. Mtu wa gari la wagonjwa alikuwa akimwambia avute pumzi, avute tu, asiseme. Aligeuza kichwa. Hatua chache tu kutoka pale, mama yake alikuwa amelazwa chali na koti la kijivu, kiatu kimoja hakipo, na watu wawili walikuwa wamekwisha kuacha kumbonyeza kifua. Reno alikuwa amepiga magoti, amemshika mkono, anamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, twende. Gari liko tayari. Mama, twende."

Baada ya mazishi, mkaguzi wa gesi aliwaita ndugu nyumbani awaonyeshe. Walisimama sebuleni na makoti yao: Marlene, Reno na Leli. Mkaguzi alikuwa mtu mpole, asiyependa kazi ya siku ile. Alikuwa amefunga milango na madirisha, ameziba kwa ubao kioo kilichovunjwa, na kuwasha hita. Alitoa kijiti chenye kutoa moshi mweupe, akakishika mbele ya hita.

"Tazameni. Feni imezimwa."

Moshi ulipanda taratibu, ukaingia dohani, ukapotea. Ndivyo ulivyotakiwa.

"Sasa dada, nenda kaiwashe."

Hakujua alikuwa akimwambia nani. Marlene alikwenda mwenyewe hadi bafuni, akabonyeza swichi, feni ikavuma, akarudi. Moshi uliyumba, kama mtu aliyeitwa jina. Ukasimama. Kisha ukageuka, ukatoka dohani, ukashuka sebuleni, ukamjia Marlene usoni.

"Feni inataka hewa," mkaguzi akasema. "Matundu yameziba, milango imebanwa kwa mpira. Hewa pekee inayopatikana ni ya dohani. Basi inainywa ile, pamoja na sumu ya moto. Haina harufu, haina rangi. Na hita yenyewe ilikuwa mbovu, ikichoma vibaya. Lingefunguliwa tundu moja tu la ukutani, mngenisikia nikisema mengine."

Leli alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Nilitazama dari," alisema. "Haki ya Mungu sikutazama sebule. Mliniita kwa bafu, nikatazama bafu." Akaenda kusimama nje, wakamsikia akilia kama mtu anayetapika.

Reno hakulia. Aliukodolea macho moshi uliobaki.

"Ningemchukua Mei," alisema, "leo angekuwa hai."

Ilikuwa kweli. Mkaguzi alizima kijiti chake. Marlene alitaka ndugu yake amtukane, ampige hata kofi, apate mahali pa kushika. Lakini Reno alichukua funguo zake, akampita bila kumgusa, na wiki zikageuka miezi hajapokea simu yake.

Nyumba ilipangwa kuuzwa. Marlene ndiye aliyekwenda kuhamisha vitu, kabati baada ya kabati, madirisha yote wazi, amevaa koti na kofia ndani ya nyumba. Hita ilikwisha ng'olewa. Pale dohani palikuwa na shimo lililofunikwa kwa ubao. Siku moja alitoka na sanduku la sahani, akasimama ghafla pembeni ya gari lake.

Mtaa mzima ulikuwa na dohani zilezile. Nyumba za mbao za umri mmoja, zilizoongezwa nyuma na wanaume wasio mafundi. Na kutoka juu ya paa la jirani, kulitokeza bomba la feni.

Aliliweka chini sanduku, akaenda kubisha. Mwenye nyumba alikuwa Vlado, Mmasedonia mzee, mjane, aliyemjua Nazju tangu kiwandani.

"Mzee Vlado, samahani. Hita yako ya sebuleni ni ile ya dohani?"

"Ni ileile. Ina umri mkubwa kuliko ndoa yako."

"Na feni unayo bafuni?"

"Ninayo, na kifuniko cha choo ninacho. Unataka kununua?"

"Mama yangu..."

"Najua habari za mama yako, binti yangu. Nilibeba jeneza." Uso wake ulilainika, kisha ukajifunga. "Mimi sijambo. Hita yangu haijapata kuniumiza. Usitembee na msiba nyumba kwa nyumba, utaupanda kama mbegu." Akafunga mlango, si kwa nguvu, lakini akaufunga.

Nyumba ya pili hapakuwa na mtu. Ya tatu, mwanamume alimsikiliza ameshika mbwa, akasema atampigia mwenye nyumba, na sauti yake ilionyesha kwamba hatampigia. Ya kona alifungua msichana Mvietnamu, macho yamevimba kwa kukosa usingizi, kitoto kichanga begani. Jina lake Thuy. Joto lilitoka mlangoni pamoja naye, na nyuma yake Marlene aliisikia ile sauti ya feni.

"Mwanangu, kichwa kinakuuma?"

Thuy alimtazama kwa mshangao. "Kila siku. Wewe ni nani? Mama mkwe anasema ni uzazi."

"Na mtoto?"

"Analala tu. Watu wananiambia nina bahati."

Marlene hakungoja kukaribishwa. Aliingia, akazima hita, akapita ukandani mpaka kwenye bafu dogo la katikati, jipya, vigae vyeupe, halina dirisha, akazima feni. Akaanza kufungua madirisha moja moja, na lile lililokwama alilipiga kwa kiganja mpaka likatoka.

"Mama we, unafanya nini? Mtoto atapata baridi!"

"Mfunike. Toka naye nje, mfunike, ukae."

Walikaa kwenye ngazi za mbele, mtoto katikati yao ndani ya mablanketi mawili na koti la Marlene, wakimngoja fundi gesi ambaye Marlene alimpigia simu. Upepo uliwapiga. Thuy alilia kidogo kwa hofu, akauliza maswali, na Marlene akamjibu yote, hata lile la nani aliyeitaka ile feni ya kwa mama yake. Fundi alipokuja aliingia na chombo chake cha kupimia. Hakukaa sana. Alitoka akiwa na uso mwingine, akafunga koki ya gesi uani, akasema mama na mtoto wapelekwe hospitali sasa hivi, wasisubiri baba.

Gari la wagonjwa lilipoondoka nao, Marlene alibaki kwenye ngazi. Alikuwa amedhani kwamba, ikitokea hivi, kitu kifuani kitalegea. Hakikulegea. Mama yake alikuwa vilevile kaburini, Reno vilevile hapokei simu, na yeye alikuwa mwanamke anayetetemeka mlangoni kwa watu bila koti.

Alikaa hadi meno yalipoanza kugongana. Kisha alinyanyuka, akarudi kubisha tena kwa Vlado.

"Nimekwambia nini?" mzee alifoka kutoka ndani.

"Nizomee ukipenda," Marlene akasema. "Lakini siondoki mpaka ufungue dirisha."

Halafu matusi, ya Kimasedonia, marefu. Marlene akaegemea ukuta wa mbao, akangoja.